Mbuzi, Ndoo, Debe

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, jambo la mwisho la kawaida kutokea nyumbani kwetu, kabla ya siku ninayotaka kuieleza, ni mama mdogo Zaituni kunivuta sikio. Alikuwa amekaa kwenye mkeka ukumbini, tumbo lake la miezi tisa limemjaa mapajani, anamenya muhogo. Nilipita nikanyakua kipande kibichi. Akanishika sikio bila hata kuinua macho.

"Masikio haya," alisema, "Mungu alimpimia mtu mwingine, akakuvalisha wewe."

"Ni ya Bibi," nikasema. "Nimemrithi."

"Bibi yako angekuwa na masikio haya asingeolewa."

Bibi alikuwa jikoni. Akajibu kwamba yeye ameolewa mara mbili na mume wake wa tatu ni mimi, kwa hiyo Zaituni, akiwa binti mwenye adabu, aache kumchezea mume wa mama yake. Tukacheka. Kipande cha muhogo nikakimaliza. Jioni ile uchungu ukamshika mama mdogo, na kwa siku mbili zilizofuata hakuna aliyecheka.

Lazima nieleze desturi yetu kwanza, kwa sababu nje ya kijiji chetu, kilicho kati ya Palma na Namoto, sijaikuta. Watu wa Mute hawana. Mbau nimewahi kuuliza, wakanitazama kama mtu aliyepotea njia.

Kwetu, nyumba yenye mgonjwa wa hatari ilikuwa "inasikilizwa". Jua likifika utosini, adhana ya adhuhuri ikiisha, watu wote wa nyumba walinyamaza, na wakubwa wote, isipokuwa mgonjwa, wakaziba masikio kwa vidole. Mtoto mmoja aliketi ukumbini akitazama ukuta, kichwa kimefunikwa kapulana, nguo ya kujifunga ya wanawake, akangojea sauti tatu za kwanza. Sauti yoyote ilifaa: kikohozi, jani kavu, kuku. Kilichotazamwa ni mpangilio wake na mahali ilipotokea. Zikianzia upande wa pwani zikaja mpaka mlangoni, kifo kinaingia. Mgonjwa hakuruhusiwa kuvuka kizingiti, maana angekutana nacho uso kwa uso. Zikianzia mlangoni zikaishia pwani, kifo kimetoka, na mgonjwa aliweza kupelekwa popote. Zikichanganyika hapakuwa na jibu, na nyumba ilisikilizwa tena kesho yake.

Shehe wa msikiti wetu aliuita ushirikina waziwazi. Bibi alimwambia: "Wewe adhana yako ni yako. Mimi nangoja iishe tu."

Mtoto wa kusikiliza hakuokotwa njiani. Alifundishwa. Bibi alituketisha wajukuu uani, macho tumefungwa, akazunguka akigonga vitu: kifuu cha nazi karibu na choo, sufuria kwenye mafiga, fimbo kwenye ua wa makuti. Kisha akatufungua macho na kusema, "Tembezeni." Mtoto alitakiwa kutembea mpaka pale ilipotokea sauti ya kwanza, akaitaja, akaenda kwenye ya pili, mpaka mwisho. Kusema kwa mdomo hakukuhesabiwa. "Mdomo unapanga upya," alituambia. "Mguu unajua ulikotoka."

Sauti tatu hazikunishinda kamwe. Nne pia. Kwenye sita ndipo nilipoanza kuharibu, na niliharibu kwa namna ileile kila mara. Ya kwanza na ya mwisho zilikaa palepale. Za katikati zilibadilishana viti. Sikuwahi kusahau kwamba sufuria imelia, wala kwamba imelia kwenye mafiga. Nilichosahau ni kwamba ililia kabla ya nani. Nimekuwa mwalimu wa fizikia kwa miaka ishirini na mitatu, na nimechora mawimbi ya sauti ubaoni mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, lakini jambo hilo moja nilijifunza uani kwetu nikiwa nimefungwa macho: sauti ni kitu kimoja, mahali pake ni kitu cha pili, zamu yake ni kitu cha tatu, na kinachotangulia kututoka mikononi ni zamu.

Siku ya kwanza ya uchungu wa mama mdogo, sauti zilichanganyika. Siku ya pili, tangu asubuhi, alikuwa ameacha kupiga kelele. Hilo lilimtisha mkunga kuliko kelele zenyewe. Alitoka chumbani akafuta mikono.

"Mtoto amekaa vibaya," alimwambia Bibi. "Mimi nimefika mwisho wangu. Apelekwe posto."

Posto, yaani zahanati yenye muuguzi, ilikuwa ng'ambo ya hori, mkono wa bahari ulioingia bara kusini mwa kijiji. Maji yakipwa watu walivuka kwa miguu, yakijaa walikaa. Siku ile maji yalikuwa yamepwa, na yangeanza kurudi mapema alasiri. Wanaume wanne walikuwa tayari nje ya ua na kitanda cha kamba. Mume wa mama mdogo alikuwa Mtwara kwa biashara zake, kwa hiyo mwenye kauli alikuwa Bibi.

"Haisikilizwi kwanza?" Bibi akauliza.

"Maji hayasubiri, mama," akasema mkunga.

"Rukia nilimtoa zikiwa zinaingia," Bibi akasema. "Alinifia katikati ya hori, maji yananifika magotini. Huyu simtoi hivyohivyo."

Rukia alikuwa binti yake wa kwanza, dada mkubwa wa mama yangu na wa Zaituni. Sikumjua. Nilimjua kwa sentensi hiyo tu, na baada ya sentensi hiyo hakuna mtu aliyebishana na Bibi. Sitaki mtu amfikirie kuwa mwanamke mkatili. Alikuwa mama aliyekwisha kuzika mtoto mmoja kwa kosa alilolijua, na alikuwa anajaribu kutolirudia.

Aliniketisha mwenyewe, akanifunika kapulana yake. Ilinuka moshi na mafuta ya nazi. Adhana ikaisha. Kijiji kikanyamaza mpaka nikasikia damu yangu.

Kwanza debe, upande wa pwani, pigo moja la bati tupu.

Kisha ndoo, kisimani, ikigonga ukingo.

Kisha mbuzi akapiga chafya mlangoni, karibu sana, nusura niruke.

Pwani, kisima, mlango. Nilielewa maana yake kabla Bibi hajanifunua. Ukuta uliokuwa mbele ya pua yangu ulikuwa wa chumba cha mama mdogo. Nyuma yake nilisikia pumzi yake, fupifupi, kama mtu anayepuliza uji wa moto. Sikuwaza kwamba desturi ni uongo. Niliiamini kama nilivyoamini kwamba kesho kutakucha. Niliamini kifo kimekuja mpaka mlangoni. Niliamua tu kwamba hakimchukui.

Bibi akaniondolea kapulana. "Sema, mume wangu."

"Mbuzi, mlangoni. Ndoo, kisimani. Debe, pwani."

Hakufurahi upesi. Alinishika kidevu. "Kabla ya ndoo?"

"Mbuzi."

"Baada ya ndoo?"

"Debe."

"Msikilizaji akipindua," akasema taratibu, macho yake hayajaniacha, "sauti zitamfuata yeye. Si leo. Siku akiwa na nyumba yake. Umesikia?"

"Nimesikia, Bibi."

"Haya. Tembeza."

Nikasimama. Nikaenda mlangoni, nikasimama alipokuwa mbuzi, nikasema "mbuzi." Nikavuka uwanja, watu wote wananitazama, wabebaji wanne wananitazama, nikagusa ukingo wa kisima, nikasema "ndoo." Nikashika njia ya pwani mpaka mwisho wa ua, nikasema "debe." Nilipogeuka, kitanda kilikuwa kimeshaingia ndani.

Walimvusha maji yakiwa chini ya magoti. Mtoto wake hakuishi. Mama mdogo aliishi. Baada ya wiki tatu alirudi kwa miguu yake, mwembamba, na kitu cha kwanza alichofanya ni kunishika masikio yote mawili na kuyabusu mbele ya watu. "Haya ndiyo yaliyonitoa," alisema.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, ingawa wakati ule niliona fahari. Nikawa msikilizaji wa kijiji. Niliitwa nyumba ya pili, na mle sauti zilikuwa zinaingia. Onyo la Bibi lilikuwa bado linanichoma, kwa hiyo nikasema kweli, nikatembeza kweli. Mzee wa nyumba ile hakutolewa. Alikufa siku ya tatu, na watu wakanisifu kwa usahihi. Katika maisha yangu hilo ndilo ninalolijutia, si lile la kwanza. Baada yake nilijifanya nimepoteza usikivu kwa sababu ya maji ya bahari, na nikaachwa.

Sasa niseme kuhusu mke wangu.

Mwanaidi alifariki mwaka huu, kabla ya Ramadhani, kwa ugonjwa wa figo. Alikuwa amechoka na hospitali, akaomba arudi nyumbani, nikamrudisha. Alifariki mchana. Mimi nilikuwa nimeenda kumtafutia barafu. Aliyekuwa naye ni binti yetu, Salma, mwenye miaka kumi na tisa, anayesoma Pemba, mji wa jimbo letu, si kile kisiwa. Sina mengi ya kuongeza hapo. Niliporudi barafu ilikuwa bado nzima.

Siku ya sita baada ya mazishi, mama mdogo Zaituni, ambaye sasa ni bibi kizee na ndiye anayeongoza desturi ile kijijini, alikuja na kapulana begani. Ukumbi ulikuwa umejaa wanawake wa msiba. Salma alikuwa anafunga begi. Alikuwa na mtihani baada ya siku mbili.

"Begi la nini?" mama mdogo akauliza.

"Mtihani, bibi."

"Mtihani haukimbii. Mama yako amekufa adhuhuri, na masikio yaliyokuwepo ni yako. Tembeza kwanza sauti za saa ile, tujue kifo kimeingilia upande gani, tuzibe. Mpaka hapo huvuki kizingiti hiki kwenda safari. Ukivuka, unakwenda nacho."

Salma akaweka begi chini. Nilimwona uso wake, nikajua kwamba alikuwa ameanza kuzitembeza kichwani siku nyingi kabla hajaombwa.

"Nazikumbuka zote, bibi," akasema. "Pikipiki barabarani. Kikombe jikoni. Kuku dirishani, pale kitandani kwa mama. Ila sijui ipi ilianza. Kila nikizipanga, inakuja nyingine mbele. Kama kuku ndiye aliyeanza, kilikuwa kinatoka, mama alikuwa bado…" Hakumaliza. "Ningekuwa nasikiliza vizuri, ningejua."

"Utajua. Simama utembee. Mguu haukosei."

"Hatembei," nikasema.

Mama mdogo akanigeukia. "Nani kasema?"

"Mimi, baba yake."

"Wewe? Wewe uliyenitoa mimi kwa masikio hayohayo?" Akawageukia wanawake. "Mnamsikia mwalimu? Amesoma mpaka amesahau alivyoniokoa."

Miaka yote ile sikuwa nimemwambia mtu yeyote isipokuwa Mwanaidi. Yeye aliniambia nimwambie mama mdogo angali hai. Nilikuwa nimeahirisha.

"Mama mdogo," nikasema, "siku ile nilipindua."

Nikaendelea kabla hajanikatiza.

"Debe ndilo lililoanza. Kisha ndoo. Mbuzi alikuwa wa mwisho. Zilikuwa zinaingia. Nilimdanganya Bibi, nikatembeza uongo, wewe ukatolewa. Hukuokolewa na kusikilizwa. Uliokolewa na watu wanne waliokubeba maji yakiwa yamepwa."

Alinitazama kwa huruma, na hilo sikulitegemea. Kisha akacheka.

"Mwanangu, msiba umekuchanganya. Mbuzi ndiye aliyeanza. Nilikuwa nyuma ya ukuta uleule. Niliumwa tumbo, sikuumwa masikio!"

Wanawake wakacheka. Mimi sikuweza, kwa sababu alikuwa amegusa pale pale ninapopajua kuwa pabovu. Nikifumba macho leo, ninachosikia kwanza ni mbuzi. Ndiyo. Mbuzi, ndoo, debe, waziwazi, kila sauti mahali pake, kama nilivyotembea. Miguu yangu ilifuta kilichokuwa masikioni. Najua kwamba nilidanganya kwa sababu tu nakumbuka kuamua. Nakumbuka ukuta na pumzi yake. Yeye naye, nyuma ya ukuta, huenda alisikia kweli, au huenda alisikia nilichokisema kwa sauti ukumbini na akakihifadhi kama alichokisikia mwenyewe. Watu wawili, ukuta mmoja kati yao, sauti tatu tu, na hakuna wa kutuamua.

Mama mdogo hakuwa amemaliza. Kicheko kilipoisha, aliinamia mbele.

"Na kama ulipindua kweli, unajua bibi yako alisema nini juu ya mpinduaji. Siku akiwa na nyumba yake. Kwa hiyo unataka kutuambia nini mbele ya watu hawa? Kwamba Mwanaidi umemuua wewe?"

Salma alikuwa ananitazama. Nilielewa njia mbili alizoniachia mama mdogo. Nikikubali kwamba mbuzi alianza, desturi imethibitishwa, na binti yangu atasimama atembee kifo cha mama yake mbele ya watu, na popote miguu itakapompeleka ataishi na hapo. Nikishikilia kwamba nilipindua, basi mimi ndiye mlango kilimoingilia kifo. Kwa hesabu ya Bibi, onyo lake limetimia. Aliniambia, na limekuwa.

"Nasema nilipindua," nikajibu. "Na nasema Mwanaidi amekufa kwa figo. Yote mawili ni kweli, na hayana undugu."

"Mh! Anajibu kama yuko ofisini," akasema mwanamke mmoja.

"Mama mdogo, nijibu wewe. Debe likianza, ungetaka nikuache ndani?"

Alijifunga kapulana upya, polepole, ingawa haikuwa imelegea. "Ungeniacha ningekufa," akasema, "na maiti hana la kutaka." Wanawake wakacheka tena, yeye hakucheka. "Lakini mtoto huyu asitoke. Nimezika wengi. Likimpata jambo njiani, usije kunililia mimi."

"Sitakuja."

"Utakuja. Huna mwingine."

Alisema kweli hapo. Nampenda mwanamke huyu kuliko mtu yeyote aliyebaki wa rika lake, na najua alichokuwa anafanya: alikuwa anamzuia Salma kwa mikono ileile iliyomzuia yeye, kwa woga uleule. Wala sidharau kusikiliza. Miaka tuliyokimbia makazi yetu kwa sababu ya vita, sote tulikuwa wasikilizaji, mlio wa kwanza wa bunduki upande gani, wa pili upande gani, na aliyepanga vizuri alijua pa kukimbilia. Lakini sauti zile zilituambia tuondoke. Desturi ya Bibi ilituambia tukae, na ilitumia masikio ya watoto kusema hivyo. Mtoto akikosea zamu ya kikombe na kuku, ambayo ndiyo kitu dhaifu kuliko vyote tunavyobeba kichwani, anapewa maiti aishike.

Nikikaa na haya yote sioni kwamba onyo limetimia. Mtu aliyeishi muda wa kutosha kuwa na nyumba atafiwa ndani yake; onyo kama hilo lingemtimia yeyote, hata Bibi ambaye hakupindua kitu. Na hata kama nakosea, hata kama kuna daftari mahali ambalo debe, ndoo na mbuzi vimeandikwa kwa zamu yake na jina langu chini, ningesema tena nilivyosema. Kama zilikuwa zinaingia, niliziambia zitoke. Nilikuwa na miaka tisa na sikuwa na silaha nyingine.

Jioni ile nilikaa na Salma jikoni. Nilimwambia kwamba zamu ya sauti zile haijulikani na haitajulikana, na kwamba hakuna mtu aliyefariki kwa sababu yeye hakuipanga. Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia kuhusu zamu sina hakika, kuhusu yeye ninayo.

Kulipokucha, mama mdogo alikuwa ametandika mkeka kizingitini na amelala juu yake, ametanda mlango mzima. Kwetu mtu hamruki mkubwa wake. Alijua hivyo, na alijua kwamba nami najua.

"Salma hawezi kunivuka," akasema, macho amefumba.

"Hatakuvuka, mama mdogo."

Nikainama nikapitisha mikono chini ya mkeka, nikamnyanyua pamoja nao. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Alinipiga begani, akaniita mtovu wa adabu, akamwita marehemu dada yake, mama yangu, aje aone amezaa nini. Nikamtoa nje nikamweka kivulini, nikamfunika miguu. Salma akatoka nyuma yangu na begi lake, akampigia magoti, akambusu mkono. Mama mdogo hakuuondoa.

Tukapanda pikipiki mpaka Palma. Gari la Pemba lilikuwa karibu kujaa, akapata kiti dirishani. Aliniuliza kama nimemwekea karatasi zake, nikamwambia ziko kwenye mfuko wa mbele. Gari likaondoka. Nikamwambia dereva wa pikipiki anirudishe nyumbani haraka, kwa sababu mama mdogo alikuwa hajanywa chai.